Jirani hakuwa na kosa: historia ya sikoseli, kutoka Gikomba hadi BCL11A

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri kidogo. Majuma mawili yaliyopita mdogo wangu aliniuliza swali moja likanikosesha usingizi. Nikaanza kusoma, na kama mnavyonijua, nikianza kusoma siachi mpaka betri ya laptopu iishe. Kwa hiyo leo tunaacha programu za kompyuta tuzungumzie programu iliyo ndani ya mwili. Makala ni ndefu, kwa hiyo wekeni chai karibu.

Kwanza kisa chenyewe.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Majengo, Pumwani, mwendo wa dakika chache tu kutoka soko la Gikomba. Kwa wale wasioijua Nairobi, Gikomba ndilo soko kubwa la mitumba, lakini pia kuna mafundi wa jua kali, mbao, viatu na samaki. Mama yangu anauza samaki hapo. Wanakuja usiku kwa lori kutoka Ziwa Victoria, naye alfajiri yuko pale akichagua. Samaki hao wametusomesha sote.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa mwaka 1991. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, asiye na shida yoyote. Mwezi wa saba vidole vya mikono na miguu vikavimba, akalia usiku kucha. Zahanati moja ya mtaani ikampa dawa ya malaria. Mwezi uliofuata hali ikarudi, akapewa dawa ya malaria tena. Mahali pengine wakasema ni baridi yabisi. Alikuwa na miaka minne ndipo mtu mmoja akaagiza damu yake ichunguzwe vizuri, jibu likatoka: sikoseli. (Watanzania wanaita selimundu, jina zuri zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu seli zenyewe zinajikunja kama mundu.)

Lakini kabla ya jibu hilo kulikuwa na jirani. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye ploti moja, muuza nguo. Alimpenda sana yule mtoto, kila jioni akitoka sokoni lazima ambebe na kumsifu: "Mtoto mnene huyu! Mtoto mzuri huyu!" Mtoto alipoanza kuugua, mama yangu akakumbuka zile sifa zote. Mnajua linalofuata. Kijicho. Maneno yakatupwa, mlango ukafungwa, jirani akahama ploti. Wote wawili bado wanauza Gikomba hadi leo, na kwa zaidi ya miaka thelathini mama amekuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya meza ya yule mwenzake.

Hata baada ya kipimo mama hakubadilika. Hoja yake ilikuwa hii: "Ugonjwa wa damu nimekubali. Lakini wanasema ni wa kuzaliwa nao. Kama ni wa kuzaliwa nao, mbona alizaliwa mzima?"

Majuma mawili yaliyopita mdogo wangu, ambaye sasa ni mtu mzima na ana cherehani yake hapo hapo sokoni, akaniuliza swali hilo hilo kwa maneno yake: "Kaka, wewe unasoma vitu vingi. Kama nilizaliwa nao, ile miezi sita ya kwanza ulikuwa wapi?"

Wenzangu wa programu mtaniunga mkono: hili ni swali la mtu anayejua kutafuta hitilafu. Msimbo una kosa tangu siku ya kwanza. Programu imekwenda vizuri miezi sita. Halafu inaanguka. Nini kilibadilika mwezi wa saba? Ukijibu kwamba kosa lilikuwemo tangu mwanzo, bado hujajibu.

Basi tuanze mwanzo.

HERUFI MOJA

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa wake, kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye damu yake chini ya hadubini ilikuwa na seli ndefu zilizopinda kama mundu. Ndiyo maandishi ya kwanza ya kitabibu ya Magharibi kuhusu ugonjwa huu. Afrika watu walikuwa wanaujua kwa maumivu yake tangu zamani, ila hawakuwa na hadubini.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, akiwemo Harvey Itano, walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Hemoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa kufuatiliwa mpaka kwenye molekuli moja. Miaka saba baadaye, 1956, Vernon Ingram wa Cambridge alianza kuonyesha tofauti yenyewe iko wapi: katika mnyororo wa protini unaoitwa beta, kiungo kimoja tu kimebadilishwa. Kwenye DNA, maana yake ni herufi moja: A imekuwa T.

Herufi moja kati ya takriban bilioni tatu! Nimewahi kukosea alama ya nukta-mkato nikaangusha mfumo mzima wa mteja, kwa hiyo hapa nilitikisa kichwa kwa huruma.

Oksijeni ikipungua, hemoglobini yenye kosa hili hujishikamanisha kuwa nyuzi ngumu, seli inakunjwa kuwa mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtu anapata maumivu yasiyoelezeka. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mgonjwa wa sikoseli huishi siku 10 hadi 20 tu. Baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai, kukosa maji, homa, yote haya huamsha maumivu. Mdogo wangu huijua Julai kabla kalenda haijafika.

Ukirithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu huugui. Ukiirithi kwa wote wawili ndipo unapata ugonjwa. Baba na mama yangu wote wanatoka upande wa ziwa, na kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja bila kujua. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Mimi nilipona bahati nasibu hiyo, mdogo wangu hakupona.

RAMANI YA ALLISON

Kwa nini upande wa ziwa? Hapa historia inaingia kwetu kabisa.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia shambani Gilgil, Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Aliona jambo la ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na herufi ya sikoseli. Katikati, kwenye nyanda za juu, karibu hakuna. Mwaka huo huo Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo yao ya Uganda, nako viwango vilitofautiana sana kutoka jamii hadi jamii, vikafika karibu asilimia 45 kwa Baamba wa kule magharibi chini ya Ruwenzori.

Ramani ya Allison ilifanana na nyingine anayoijua kila Mkenya: ramani ya malaria. Alirudi mwaka 1953 kuhakikisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye nakala moja ya sikoseli, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 28 hivi. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa na vimelea, asilimia 46 hivi. Tena akafanya jaribio la pili: wanaume 30 Waluo waliokuwa wamekaa mbali na malaria kwa muda mrefu waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wenye nakala moja, 2 tu ndio walioshikwa. Kati ya 15 wasio nayo, 14 walishikwa. Nilisimama kidogo niliposoma hapo, kwa maana hao ni watu wa kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Kwa hiyo herufi ile haikuja kwa laana ya ukoo wala kwa dhambi ya mtu. Nakala moja ilikuwa ngao. Babu zetu walioishi kando ya ziwa waliishi kwa sababu yake, na mjukuu mmoja kati ya wengi analipa deni.

Sasa angalia Gikomba. Nairobi iko kwenye nyanda za juu, malaria ni haba, na kwenye ramani ya Allison hapa pangekuwa karibu na sifuri. Lakini watu walihama. Kwenye mstari mmoja wa meza utakuta mama wa Siaya, kijana wa Busia, mzee wa Kilifi. Ziwa na pwani vimekuja kukaa Eastlands, na herufi ile imekuja nao.

Haya, tumejua kosa liko wapi na limetoka wapi. Swali la mdogo wangu bado liko palepale.

WATOTO WACHANGA WA NEW YORK, WATU WAZIMA WA KAMPALA

Mtu wa kwanza kulikaribia jibu alikuwa daktari wa watoto wa New York, Janet Watson. Mwaka 1948 aliandika kwamba watoto wachanga waliorithi ugonjwa huu wana seli chache sana zinazojikunja, tofauti na mama zao wenye nakala moja tu. Alifikiri ni kwa sababu mtoto mchanga bado ana hemoglobini ya aina nyingine.

Naam, tuna hemoglobini zaidi ya moja! Mtoto akiwa tumboni havuti hewa, hupata oksijeni kutoka damu ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo anatumia toleo maalumu linaloshika oksijeni kwa nguvu zaidi. Toleo hilo halina mnyororo wa beta, lina mnyororo unaoitwa gama. Tuliite hemoglobini ya kichanga. Akishazaliwa, mwili huzima gama taratibu na kuwasha beta. Kufikia miezi sita hivi mabadiliko yameshafanyika kwa sehemu kubwa, na kwa watu wazima wengi gama inabaki chini ya asilimia moja.

Sasa rudi kwa mdogo wangu. Herufi mbovu iko kwenye beta. Alipozaliwa alikuwa akitumia gama, nayo haina kosa lolote. Tena gama huzuia zile nyuzi ngumu zisijengeke. Beta ilipowashwa ndipo kosa lilipojitokeza. Mwezi wa saba!

Kwa lugha yetu ya kazi: toleo jipya la faili lilikuwa na hitilafu tangu mwanzo, lakini mfumo ulikuwa bado unasoma toleo la zamani. Siku mfumo ulipohamia toleo jipya, ukaanguka. Na la muhimu kuliko yote, toleo la zamani halikufutwa. Liko kwenye diski hadi leo, limezimwa tu.

Ushahidi kwamba toleo la zamani linaweza kubaki likifanya kazi ulikuwa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Jacob na Raper, wakifanya kazi Kampala, waliandika juu ya watu ambao mwili wao haukuzima hemoglobini ya kichanga. Hali hiyo hurithiwa, na haidhuru. Baadhi yao walikuwa wamerithi sikoseli kwa mzazi mmoja na hali hii kwa mzazi mwingine, na hawakuwa wakiteseka kama wagonjwa wengine.

Fikiria hilo. Mwaka 1958, miaka mitano kabla ya uhuru wetu, dawa ya sikoseli ilikuwa imeshaonekana ndani ya damu za watu wa Kampala. Kilichokosekana ni kujua nani anayezima.

BELI

Hapa lazima tuingie kidogo kwenye mitambo, lakini msiogope, tutatumia vitu vya Gikomba.

Leo mtu akisema mitumba unafikiria nguo zilizovaliwa Ulaya, lakini mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa, robota. Sokoni tunaita beli. Nguo zimekandamizwa na mashine na kufungwa mikanda. Ndani kunaweza kuwa na koti zuri la maana, lakini beli ikiwa imefungwa koti hilo halionekani wala haliuziki. Alfajiri mkanda unakatwa, nguo zinafumuka, wateja wanajaa, kamera zinachaguliwa kwanza, fagia inabaki.

DNA nayo iko kwenye beli. Ukiinyoosha DNA ya seli moja inafika kama mita 2, nayo imo ndani ya kiini ambacho jicho haliwezi kukiona. Inawezekanaje? Inazungushwa kwenye protini ndogo zinazoitwa histoni, kama uzi unavyozungushwa kwenye bobini ya cherehani, herufi 147 hivi kwa kila bobini, mamilioni ya bobini mfululizo. DNA pamoja na protini zake zote ndiyo huitwa kromatini.

Kromatini si sanduku la kuhifadhia tu. Ikilegea mahali fulani, mashine za seli zinaisoma jeni iliyo hapo. Ikikazwa, jeni ipo, herufi zake zote ziko sawa, lakini haisomeki. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ile ile ila kazi tofauti. Tofauti ni beli zipi zimefunguliwa.

Sasa kuna protini ambazo kazi yake ni kushika kromatini mahali maalumu na kuamua ifunguliwe au ifungwe. Jeni ya gama inafungwa na mmoja wao. Jina lake ni BCL11A.

ALIYEFUNGA

BCL11A ilijulikana kwanza kwa mambo ya saratani za seli nyeupe, na jina lake linatokana na huko. Hakuna aliyeitarajia kwenye hemoglobini.

Ilivyopatikana itawapendeza waandishi wa programu. Watafiti walichukua watu wenye hemoglobini ya kichanga nyingi kiasi na wenye chache, wakalinganisha DNA zao herufi kwa herufi kwenye maelfu ya sehemu, kama tunavyolinganisha matoleo mawili ya faili kutafuta mstari uliobadilika. Mwaka 2007 kundi la Swee Lay Thein wa London lilipata sehemu moja kwenye kromosomu ya 2, ndani ya BCL11A. Utafiti wa Sardinia, Italia, ukaonyesha vivyo hivyo. Jeni zenyewe za beta na gama ziko kwenye kromosomu ya 11! Yaani swichi iko chumba kingine kabisa.

Desemba 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston walionyesha kwamba ukipunguza BCL11A kwenye seli zinazotengeneza damu, gama inarudi. Mwaka 2011 maabara ya Orkin iliiondoa BCL11A kwenye seli za damu za panya wenye sikoseli, na dalili za ugonjwa zikatoweka. Herufi mbovu haikuguswa.

Na sisi je? Muhimbili, Dar es Salaam, timu ya Julie Makani ilikuwa imeanza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa wingi. Mwaka 2011 wao na wenzao wa London walichapisha kwamba BCL11A inaathiri kiwango cha hemoglobini ya kichanga kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro na wenzake walipekua DNA nzima ya wagonjwa wa Tanzania, na BCL11A ikajitokeza tena. Hili ni jambo kubwa, maana yaliyopatikana kwa Wazungu siyo kila mara hukubaliana na DNA yetu.

Inafanyaje kazi? BCL11A ina sehemu zenye umbo la vidole, kila kidole kimeshikiliwa na chembe ya zinki. Mwaka 2018 maabara mbili, moja ya Boston na moja ya Sydney, zilionyesha kwamba vidole hivyo hushika herufi sita, TGACCA, karibu kabisa na mwanzo wa jeni ya gama. Na baadhi ya familia ambazo hazizimi hemoglobini ya kichanga zina herufi zilizoharibika hapo hapo, kwa hiyo BCL11A haina pa kushika. Ikishashika huita kundi la protini liitwalo NuRD, ambalo huondoa alama za kikemikali zinazolegeza histoni. Kromatini inakazwa. Beli imefungwa.

Yote haya hufanyika kwenye uboho wa mifupa, kabla seli nyekundu haijatupa kiini chake na kuingia kwenye damu. Na hufanyika kwa kila mtoto duniani, mgonjwa na mzima.

KIRAKA

Basi kwa nini tusiifute BCL11A, tumalize? Kwa sababu protini hii ina kazi nyingine kwenye ubongo na kwenye seli za kinga. Watoto wanaozaliwa na nakala moja iliyoharibika huchelewa kukua kiakili, hili lilielezwa vizuri mwaka 2016. (Na hemoglobini yao ya kichanga iko juu, ushahidi mwingine tena.) Yeyote aliyewahi kufuta faili akidhani halitumiki ananielewa.

Ufumbuzi ulitoka mwaka 2013. Daniel Bauer na wenzake walipata swichi ndogo ndani ya jeni ya BCL11A inayoiwasha kwenye seli nyekundu peke yake. Ukivunja swichi hiyo, ubongo hauguswi. Ndipo CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, ukapata kazi. Julai 2019 Victoria Gray, Mmarekani mwenye sikoseli, alirudishiwa seli zake mwenyewe zilizokatwa swichi hiyo, huko Nashville. Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, inaitwa Casgevy, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba.

Ni kiraka cha kweli, kwa maana ya mafundi wa Gikomba: kitambaa kibovu hakibadilishwi, kinafunikwa na kitambaa kizima cha nguo ile ile.

Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa shilingi zetu ni mamia ya mamilioni. Tena mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali za kuua uboho wake wa zamani, akae hospitalini majuma kadhaa kwenye chumba maalumu. Mdogo wangu aliponiuliza kama ataipata, sikumdanganya.

Lakini kuna dawa nyingine ya zamani, kidonge, inaitwa haidroksiyurea. Nayo huongeza hemoglobini ya kichanga, ingawa kwa njia ya mzunguko. Marekani iliidhinishwa kwa sikoseli mwaka 1998. Kwetu madaktari waliiogopa: je, haitaleta malaria zaidi? Jaribio la REACH lilijibu. Watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda walipewa dawa hiyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98 hivi hadi 45 hivi. Malaria ilishuka kutoka 47 hadi 23. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Someni tena takwimu hizo polepole.

Mdogo wangu anatumia kidonge hicho. Julai iliyopita alishona mwezi mzima bila kulazwa.

Kuna utafiti wa vidonge vipya pia. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kemikali inayofanya seli iharibu protini nyingine ya kromatini inayosaidia kuizima gama, inaitwa WIZ. Matokeo hayo yalikuwa ya maabara na wanyama, lakini kidonge kinaweza kufika Gikomba kwa namna ambayo chumba maalumu cha Nashville hakitafika.

La haraka zaidi ni kupima. Waganda walitoa mfano mzuri: walichukua sampuli za damu za watoto zilizokuwa zimeshakusanywa kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi, wakazipima sikoseli pia. Sampuli 97,631! Matokeo ya mwaka 2016: asilimia 13.3 walikuwa na nakala moja, asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa. Data ile ile, swali jipya. Siku hizi kuna vipimo vya tone moja la damu vinavyotoa jibu papo hapo. Mtoto akijulikana mapema, ile miezi ambayo gama inamlinda ndiyo ya kujiandaa: chanjo, kinga ya maambukizi, na wazazi kujua dalili. Sisi miezi hiyo tuliimaliza tukimsifu unene, na miaka mitatu iliyofuata tukimtafuta mchawi.

NIKARUDI KWA MAMA

Jumapili iliyofuata nilikwenda Majengo na laptopu yangu, nimechora picha na kila kitu. Mama hakuangalia picha. Alikuwa anapaa samaki, nikamweleza huku akiendelea. Nilimwambia mtoto huzaliwa na damu ya aina moja akabadilishiwa nyingine, na kwamba kuna kitu kwenye uboho kinachofunga ile ya kwanza.

"Hicho kitu anacho yeye tu?"

"Hapana mama. Kila mtu anacho. Mimi ninacho, wewe unacho. Kingefunga tu hata kama hakuna mtu aliyewahi kumbeba."

Akaendelea kupaa. Baada ya muda akauliza, "Mwezi wa saba?"

"Kati ya mwezi wa sita na mwaka. Kwa watoto wote duniani."

Hakusema kitu kingine, nami sikumtajia jirani. Nilikunywa chai nikaondoka.

Alhamisi mdogo wangu akanipigia simu kutoka sokoni. Mama alikuwa amepita njia ya karibu, ile ya mbele ya meza za nguo. Alisimama kwa yule mwenzake, akaweka ngege wawili waliofungwa kwa gazeti, akasema ni wabichi wapikwe leo leo, kisha akaenda zake.

Wasomaji, kama kwenu ni ziwa au pwani na mnapanga kupata mtoto, pimeni nyote wawili. Maswali karibuni hapo chini. Hifadhidata, sehemu ya pili, wiki ijayo Mungu akipenda.